Hoja Zisizo na Miguu

Wasomaji, leo nyinyi ndio mahakimu. Upande wa pili mmekwisha kuusikia, kwa sababu hapa Voi maneno yake hayabadiliki. Muuzaji dukani, jirani aliyehamia nyumba mpya Mwakingali, mama wa chama anayeomba ushauri kabla ya kununua sofa, wote hurudia yale yale. Mbao ni adui wa msitu, plastiki ndiyo salama. Chipbodi haikati mti. Mvule ndio bora kwa sababu haufi. Mwanzi ni nyasi tu. Paleti ya zamani haina kosa. Mbao za kwetu hupasuka. Na neno la kufungia kikao: fanicha isiyodhuru mazingira ni ya wenye pesa. Nimezisikiliza hoja hizi, nimeziandika moja moja, na mojawapo niliiamini hadi nikailipia. Sioni hata moja inayosimama jinsi inavyosemwa. Nitazitaja kama wenyewe wanavyozitaja, nijibu, kisha hukumu ni yenu.

Naanza na ile nzito. Wanasema hii ni kaunti ya Tsavo na ya milima ya Taita. Kila kiti cha mbao ni mti uliokatwa. Basi mwenye kujali anunue plastiki. Hofu hiyo ina msingi. Mbuga za Tsavo zimechukua asilimia 62 ya kaunti hii ya kilomita za mraba 17,084, na kule juu, Ngangao, Mbololo na Chawia, msitu wa asili umebaki vipande vipande, ndani yake wakiwamo ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Wazee wa Kitaita walikuwa na fighi, misitu mitakatifu ambayo hakuna aliyethubutu kuitia shoka. Anayeogopa kipande kingine kisianguke anaogopa jambo la kweli.

Ila ushahidi unasema nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo chao Wundanyi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na za mwaka 2004. Msitu wa asili ulikuwa umepungua kwa nusu. Lakini eneo lote la msitu, ukijumlisha na misonobari, saiprasi na mikaratusi iliyopandwa, lilikuwa limepungua kwa asilimia 2 tu. Zisomeni takwimu hizo mbili pamoja. Kuna miti iliyofyekwa, hasa kupisha mashamba, na haikurudi. Na kuna miti iliyopandwa na watu ili siku moja ivunwe. Hoja ya plastiki inaitia miti yote katika gunia moja. Mgrevilia ulio ukingoni mwa shamba la mahindi kule Werugha hauna kesi moja na mti wa miaka mia ndani ya Ngangao.

Hapo hutajwa marufuku ya serikali. Ni kweli, Februari 2018 ukataji miti ulisimamishwa, na ni Julai 2023 tu ndipo Rais alipotangaza kuyaondoa marufuku hayo. Lakini yaligusa misitu ya umma na ya jamii. Mti uliopandwa na mtu shambani mwake haukuwamo. Na kwa kuwa watu hawakuacha kulala vitandani, mbao zilitafutwa kwingine, zikiwamo za Tanzania. Ubao wa msonobari kutoka Sao Hill, Mufindi, ukipitia Dodoma, Arusha na Holili, huwa umekula karibu kilomita elfu moja kabla haujashushwa Voi. Wengine huongeza Kasigau: tunalipwa kwa kuiacha miti isimame, tutaikataje? Mradi wa Kasigau, uliopata hati zake za kwanza za kaboni mwaka 2011, unalinda nyika ya asili iliyo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi isifyekwe na isigeuzwe makaa. Miti ya kupanda mashambani ni habari nyingine. Mkulima asiyepata soko la mgrevilia wake hataulinda kwa ajili ya picha. Ataung'oa apande mahindi.

Na hiyo plastiki? Imetoka kwenye mafuta ya petroli. Jua la Voi huikausha hadi ikawa kama ganda la yai, na mguu ukivunjika hakuna fundi wa kuuunga. Watu hawa hawa walishangilia mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Waseme basi ni kwa nini kilo tatu za plastiki kwenye kiti ziwe dawa, na gramu tano kwenye mfuko ziwe sumu. Chuma nakipa haki yake: kitanda cha chuma cha watoto, kikilegea, hupelekwa kwa mchomeleaji na kurudi jioni. Yeyote aliye nacho na akakaa nacho miaka ishirini sina ugomvi naye.

Hoja ya chipbodi ndiyo iliyonigharimu. Inasema chipbodi na MDF hutengenezwa kwa mabaki ya viwandani, kwa hiyo hakuna mti unaokatwa. Nusu yake ni kweli, na ni jambo jema: vumbi la msumeno kuwa ubao ni afadhali kuliko kuchomwa moto. Nusu ya pili si kweli, kwa sababu viwanda vingi husaga pia magogo membamba yaliyokatwa kwa kazi hiyo. Tena angalieni mgongano. Anayetuambia kwamba kila mti unaokatwa ni hasara ndiye anayetusifia mabaki. Mabaki ya nini, kama si ya mti ule ule?

Halafu kuna gundi. Vipande vile hushikana kwa gundi ambayo mara nyingi imechanganywa na formaldehaidi, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka formaldehaidi katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Gesi yake hutoka kwenye ubao polepole kwa muda mrefu, na hutoka zaidi joto linapopanda. Fikirieni chumba cha mtoto hapa mjini mwezi wa Februari, paa la bati, dirisha limefungwa kutwa kwa sababu wazazi wako kazini. Kuna mbao za aina hii zinazotoa gesi kidogo, nazo huwa na alama ya E1. Dukani niliponunua mimi hakuna aliyejua alama hiyo ni kitu gani.

Lilikuwa kabati la televisheni, limevikwa karatasi iliyochorwa mishipa ya mti. Nyumbani tulikuwa tukipiga deki kila asubuhi, kama nyumba yoyote yenye watoto na vumbi jekundu la Voi. Mwezi wa sita ukingo wa chini ulikuwa umevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, karatasi ikabanduka, na skrubu za bawaba zikawa zinazunguka bila kushika. Fundi alijaza tundu kwa njiti za kiberiti na gundi; mlango ukakaa wiki mbili. Aliporudi mara ya pili aliingiza kidole tunduni akanionyesha alichotoa nacho. Ulikuwa unga. Hakukuwa na kitu cha kupigilia msumari. Kabati likalala nyuma ya nyumba hadi mvua za vuli zikalimaliza, na hata jikoni halikufaa, maana ubao uliojaa gundi si wa kupikia chakula.

Naomba sasa niweke kipimo kimoja, nacho nitakitumia hadi mwisho. Chukueni miaka ambayo mti ulihitaji kukua, mlinganishe na miaka ambayo kifaa kitatumika nyumbani. Kifaa kikiishi zaidi ya muda wa mti mwingine kukomaa pale ulipokatwa wa kwanza, nyumba hiyo haina deni kwa ardhi. Kikifa kabla, ina deni. Saiprasi katika mashamba ya miti ya Kenya huvunwa kwa kawaida ikiwa na miaka 25 hadi 30. Kabati langu halikumaliza miwili.

Kipimo hicho ndicho kinachoikwamisha hoja ya mvule, ingawa ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Inasema: tazameni milango ya Lamu na ya Mji wa Kale wa Mombasa. Mvule na mbambakofi zimekaa pale zaidi ya miaka mia, zikipigwa na chumvi ya bahari, wajukuu wakiingia kwa mlango aliouingilia babu. Kitu kinachodumu hivyo kinawezaje kuitwa uharibifu? Kwa milango ile, jibu ni kwamba si uharibifu. Na kama bibi yako alikuachia kitanda cha mvule, kipige msasa, kipake mafuta, umrithishe mwanao. Lakini muuzaji hazungumzii kitanda cha bibi. Anazungumzia mti mpya. Mvule, mninga na mbambakofi huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na sehemu kubwa ya mbao hizo bado hutoka katika misitu ya asili, ikiwamo ya Kongo na Tanzania. Muulize ni nani aliyeupanda mti huo. Hawezi kumtaja mtu, maana hakuna aliyeupanda, na mara nyingi hakuna aliyepanda mwingine mahali pake.

Mgongano wao mkubwa uko hapa hapa. Mtaje mukau, mti wa mbao wa kwetu unaopandwa shambani, na mtu huyo huyo atakuambia miaka kumi na miwili ni mingi mno kuusubiri mti. Kisha anakuelekeza kwenye mti uliosubiriwa maisha ya mtu mzima, kwa kuwa tu hakuusubiri yeye. Na asiseme kwamba ufundi hauwezi kuhama. Wachongaji wa Kikamba wa Mombasa walijenga jina lao juu ya mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipoadimika walihamia kwenye mwarobaini na mwembe, na kazi ikaendelea.

Mwanzi hautanichelewesha. Ni kweli ni jamii ya nyasi, hukua upesi, na ukikatwa huchipuka. Lakini mwanzi wa asili wa Kenya ni wa milima ya baridi kama Aberdare, Mau na Elgon. Tena ndani yake mna wanga ambao dumuzi huupenda: usipotibiwa, kwa boraksi kwa mfano, utauona unga mweupe chini ya kiti kabla mwaka haujaisha. Nyingi ya zile mbao laini za mwanzi za madukani zimebanwa kwa gundi na kuvuka bahari. Uliokua karibu na ukatibiwa, nunua. Neno nyasi peke yake halithibitishi lolote.

Paleti ni kesi tofauti, kwa sababu hapo nakubaliana na kanuni yao. Mbao imekwisha kukatwa, imekwisha kusafiri. Kuipa maisha ya pili ni busara, na sisi tulio kando ya barabara kuu ya Mombasa tunaziona kila siku. Ninachokataa ni kwamba zote ni sawa. Pindueni paleti mtafute muhuri uliochomwa ubavuni: suke la ngano, herufi mbili za nchi, kwa Kenya ni KE, kisha HT au MB. HT maana yake ilipashwa joto hadi kiini cha ubao kikafika nyuzi 56 kwa nusu saa. MB maana yake ilifukizwa kwa methili bromidi, sumu ya wadudu ambayo pia hula tabaka la ozoni. Ya HT ipelekeni kwa seremala. Ya MB iacheni. Isiyo na muhuri, au yenye doa la mafuta usilolijua, isiwe kitanda cha mtoto. Na mataruma ya kale ya reli, yale meusi yanayonuka lami, yamenyweshwa kreosoti. Hayafai kuwa meza ya chakula hata yapigwe randa mara ngapi.

Iko hoja nyingine ambayo haisemwi kwa sauti, lakini imo katika kila sifa ya sofa: fremu ikiwa ya mbao nzuri, sofa ni nzuri. Hatukalii fremu. Tunakalia sponji, nayo ni zao la petroli kama kile kiti cha plastiki, imefunikwa kitambaa cha polista. Sponji nyepesi hubonyea ndani ya miaka michache, kisha familia huitupa sofa nzima, pamoja na fremu ambayo ingeweza kuishi miaka ishirini zaidi. Kama ni lazima sofa, chagueni yenye mito inayotoka na foronya zenye zipu, ili mbadilishe kilichokufa peke yake. Na kwa nini iwe sponji pekee? Mwatate tuna shamba la mkonge ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Pwani nzima inakijua kitanda cha kamba. Kamba ikilegea unaikaza, ikikatika unasuka upande huo tu, na hewa hupita chini ya mgongo usiku wa joto, jambo ambalo godoro la sponji halitaliweza kamwe. Kiti cha mbao kilichosukwa mkonge ni fanicha ambayo kila kiungo chake chaweza kutoka ndani ya kaunti hii.

Wanajibu kwamba mbao za kwetu hupinda na kupasuka. Nimeziona zikipasuka, sibishi. Lakini kosa ni la nani? Mti umekatwa Wundanyi, kwenye ukungu na baridi. Wiki hiyo hiyo umepasuliwa na kuteremshwa Voi kwenye joto. Wiki inayofuata umekuwa meza. Maji yaliyokuwa ndani yanatoka haraka, ubao unajikunyata, kiungo kinafunguka. Saiprasi kutoka ng'ambo nayo ingefanya hivyo hivyo. Nenda kwa fundi mmoja wa Mwatate ninayemjua, mzee, uone mbao zake kabla ya kuona viti vyake. Zimepangwa kivulini, kila safu imetenganishwa na nyingine kwa vijiti ili hewa ipite, ncha zimepakwa rangi ili zisikauke kabla ya katikati, na kwenye kila rundo kuna tarehe kwa chaki. Rundo lisilotimiza miezi yake haliuzi, hata mteja akiwa na pesa mkononi. Kigoda alichonitengenezea hakina msumari: kichwa cha kila mguu kimechongwa kikaingia kwenye tundu la kikalio na kukazwa kwa kabari ya mbao. Watoto wamekigeuza gari, ngazi na ngoma. Hakijalegea.

Na bei. Hoja hii ndiyo inayowagusa wengi, na sitaipita kwa haraka, kwa kuwa mwalimu au mama wa soko la Voi halipi kwa miaka, hulipa kwa noti alizo nazo leo. Tuseme meza ya chipbodi ni shilingi 6,000 na ikadumu miaka mitatu. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa mwaka. Tuseme ya fundi, ya mbao iliyokaushwa, ni shilingi 15,000 na ikadumu ishirini. Hiyo ni 750. Bei hizo ni za mfano, badilisheni mtakavyo: kwa hizi, ili ya bei rahisi ishinde, lazima idumu zaidi ya miaka minane, na sijaiona. Watasema, elfu kumi na tano za mara moja zitoke wapi? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba nyumba haijazwi kwa siku moja. Anza na meza na vigoda vinne, kabati lisubiri. Mafundi wengi hupokea pesa kidogo kidogo kazi ikiendelea. Duka la chipbodi nalo lina mkopo wake, na mkopo huo huendelea kulipwa hata kabati likiwa limekwisha kuvimba. Anayesema fanicha inayodumu ni ya tajiri aeleze ni vipi maskini atamudu kununua meza ile ile mara saba.

Kibandiko cha kijani kilichoandikwa kwamba bidhaa ni rafiki kwa mazingira hakijibu lolote kati ya haya. Ombeni karatasi. Mbao zinazosafirishwa hapa Kenya huhitaji kibali cha usafirishaji, na muuzaji aliyenunua kwa njia halali anaweza kusema zilitoka wapi.

Imebaki moja, ile wanayoishikilia baada ya nyingine zote kuanguka: kwamba haya ni maneno matamu, lakini mukau wenyewe haupatikani. Mukau ni mti wa nyika kavu za kwetu. Wakamba ndio waliolipa jina hilo umaarufu. Wataita huuita kirumbutu. Mbao yake ni nyekundu ya kahawia, watu huifananisha na mahogani, mchwa hawaiwezi kirahisi, na huwa tayari kwa msumeno ukiwa na miaka kati ya kumi na kumi na mitano. Kilichouchelewesha ni kokwa lake gumu, linalotaka kupasuliwa na mbegu kuchanjwa kwa wembe ndipo iote. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, pamoja na wataalamu wa Japani, ilichagua miti mama iliyo bora na kuanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi, na Kibwezi si mbali nasi kwa barabara ya Nairobi. Uchache wa mukau sokoni leo ni hesabu ya miche ambayo hatukuipanda miaka kumi na mitano iliyopita.

Mvua zetu za vuli huanza Novemba. Mche utakaopandwa Voi mwezi huo, ukilindwa dhidi ya mbuzi, utakuwa mbao ya kitanda wakati mtoto aliye darasa la kwanza leo anatimiza miaka ishirini.